Moyo wa Mtoto na Mioyo ya Nyumba Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.



Katika mikusanyiko kama huu yamezoeleka maneno juu ya elimu, juu ya misikiti na madrasa, na juu ya umoja. Hayo ni maneno mema, wala hayajapata kuzidi haja. Lakini iko habari moja ambayo husemwa kwa kunong'onezana, jikoni na vyumbani, na aghalabu haifiki barazani ila baada ya mazishi. Habari hiyo ni ya mtoto aliyezaliwa na moyo wenye kasoro, na ya nyumba inayomlea. Makusudi ya hotuba hii ni kuitoa chumbani na kuileta barazani. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika maradhi haya, anayeumbuliwa si yule aliyeficha, bali ni mtoto ambaye hakuulizwa shauri.

Yafaa kwanza moyo wenyewe ufahamike. Moyo wa mtu haupiti sana ukubwa wa ngumi yake. Una vyumba 4, viwili vya juu na viwili vya chini, na ukuta katikati. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini, ukaipeleka mapafuni kutwaa hewa safi. Upande wa kushoto huipokea damu hiyo ikiwa imetakata, ukaisukuma kwenda katika mwili wote. Pande hizi mbili ni majirani, lakini damu zao hazichanganyiki.

Jambo hili halikujulikana upesi. Kwa muda wa miaka kama 1,000 matabibu walifuata maneno ya Galen, tabibu Mgiriki, kwamba ukuta wa katikati una vitundu visivyoonekana, na kwamba damu hupenya humo kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyeyakanusha maneno hayo alikuwa tabibu Mwislamu, Ibn al-Nafis, aliyesomea Damascus akafanya kazi Cairo, akafariki mwaka 1288. Yeye aliandika kwamba ukuta ule ni mzima na hauna njia, na kwamba damu haina budi kupita mapafuni ndipo ifike upande wa pili. Aliyoyasema ndiyo sifa ya moyo uliokamilika.

Mtoto anayezungumzwa leo ni yule ambaye ukuta wake haukufungika alipokuwa tumboni. Moyo hujengwa mapema mno. Mimba ikifika juma la 8, vyumba na kuta zake zimekwisha kujengwa, na pengine mama hajawaambia hata jamaa zake kuwa ni mjamzito. Kasoro za ujenzi huo ni nyingi. Yako matundu katika ukuta wa vyumba vya juu, na mengine katika ukuta wa vyumba vya chini. Uko mshipa ambao humfaa mtoto akiwa tumboni, nao hupaswa kufunga siku chache baada ya kuzaliwa, lakini ukabaki wazi. Iko pia kasoro yenye mambo manne kwa pamoja, ambayo daktari Fallot wa Marseille aliieleza mwaka 1888. Mwenye kasoro hiyo huwa na midomo ya samawati, na akichoka kwa mchezo huchutama ili apate pumzi.

Wala si maradhi ya nadra. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai duniani, watoto kama 8 huwa na kasoro ya moyo, kubwa au ndogo. Katika Uganda, ambako watoto zaidi ya milioni 1 na nusu huzaliwa kila mwaka, hesabu hiyo hupita watoto 12,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hakuna mtaa wa Kampala, wala safu ya waumini msikitini, isiyokuwa na mzazi wa mtoto wa namna hii, hata kama hakusema.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya mjini. Jina lake halihitajiwi, kwa kuwa nyumba za namna yake ni nyingi. Baba ni fundi cherehani karibu na soko la Owino. Mama hupika sambusa na mandazi ya kuuza. Wana binti wa miaka 7, na baada yake wakapata mtoto mwanamume. Mtoto alizaliwa mzuri wa sura, akafanyiwa akika, watu wakala wakafurahi. Mama alipotoka arobaini ndipo alipoanza kuona mambo asiyoyaelewa. Mtoto alinyonya kidogo akaachia titi, akatweta kama aliyepanda mlima. Jasho lilimtoka kipajini hata katika baridi ya alfajiri. Alipovuta pumzi, mbavu zilionekana zikiingia ndani. Wenzake wa umri wake walinenepa, yeye akabaki vile vile. Katika miezi minne alitibiwa homa ya mapafu mara tatu. Kila mara akapata nafuu, na kila mara ugonjwa ukarudi.

Hapo maneno yakaanza. Bibi mzaa baba alisema mtoto amepigwa jicho. Shangazi akasema mama alitembea usiku akiwa mjamzito. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kusikika, mbona katika ukoo wa baba hakujapata kuonekana ugonjwa kama huo. Mganga akaitwa, akamchanja mtoto kifuani kwa wembe, akampaka dawa, akaondoka na fedha zilizokuwa zimewekwa kwa kodi ya nyumba. Baba hakusema neno, ila alianza kurudi nyumbani usiku sana. Mama naye akawa hamtoi mtoto mbele ya wageni. Wakija, humfunika shuka akasema amelala.

Aliyeifungua siri hiyo hakuwa daktari mkubwa. Alikuwa muuguzi katika siku ya chanjo, ambaye kabla ya kumchoma mtoto sindano aliweka kiganja kifuani pake, akahisi mtetemo usio wa kawaida. Akachukua chombo cha kusikilizia, akasikiliza mbele na nyuma, kisha akamwuliza mama, “Mtoto huyu hutoka jasho anaponyonya?” Mama akalia kabla ya kujibu. Kwa miezi mingi alikuwa ameulizwa juu ya mwenendo wake mwenyewe. Hilo lilikuwa swali la kwanza juu ya mtoto.

Walipelekwa katika kilima cha Mulago. Huko moyo wa mtoto ulitazamwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kipimo kisichouma wala kuchoma, ambacho huonyesha vyumba vya moyo vikifunguka na kufumba juu ya kioo. Daktari alichora moyo katika karatasi, akaweka alama katika ukuta wa vyumba vya chini. Tundu lilikuwa pale, nalo lilikuwa kubwa.

Swali la mama lilikuwa moja: amekosa nini? Jibu la swali hilo yafaa lisikiwe na kila mume, kila mkwe na kila jirani. Katika watoto walio wengi, hakuna sababu moja inayoweza kutajwa. Ziko sababu chache zinazojulikana. Mama akipata rubela, yaani surua ya Kijerumani, katika miezi ya kwanza ya mimba, moyo wa mtoto huweza kudhurika. Na kwa ajili hiyo chanjo ya surua pamoja na rubela ililetwa Uganda mwaka 2019. Kisukari kisichotunzwa, pombe, na dawa kadha wa kadha zinazotumiwa bila shauri la daktari huongeza hatari. Watoto karibu nusu ya wale wanaozaliwa na hali iitwayo Down huwa na kasoro ya moyo. Ndoa za jamaa wa karibu sana, vizazi kwa vizazi, nazo huongeza kiasi. Na jambo hilo si la kumlaumu mtu aliyekwisha kuoa, bali ni la kufikiriwa na wazee wanapopanga posa. Katika sababu hizo zote hakuna iitwayo jicho, wala iitwayo kutembea usiku. Zaidi ya hayo, asili ya mtoto ni nusu ya mama na nusu ya baba. Anayemtuhumu mke peke yake amesahau kuhesabu.

Dini haikumpa mtu ruhusa ya kumshutumu mwanamke kwa jambo lililokadiriwa na Mola. Kadhalika haikumpa ruhusa ya kukaa bure, akatumia kadari kuwa kisingizio. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu wajitibu. Kumwamini Mungu na kumpeleka mtoto hospitali ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, kama mkulima anayeomba mvua naye ameshika jembe.

Sasa inafika sehemu ya habari hii iliyo nzito kuliko zote, nayo ni sehemu ya wakati. Vitundu vidogo vingi hujifunga vyenyewe, na mtoto akakua bila taabu. Lakini tundu likiwa kubwa, damu nyingi hurudi mapafuni, tena kwa nguvu nyingi. Mishipa midogo ya mapafu haikuumbwa kwa nguvu hiyo. Hujilinda kwa kunenepesha kuta zake. Hukaza, na mwisho hugeuka migumu. Siku ile mishipa inapokuwa migumu kabisa, damu hubadili njia: damu isiyo na hewa hupenya tunduni na kuingia mwilini, na mtoto ambaye hakuwa na rangi ya samawati huanza kuwa nayo. Tangu hapo tundu haliwezi kuzibwa, kwa sababu limekuwa njia ya pekee ya moyo kupata nafuu, na kuliziba ni kumwua mtoto. Kwa hiyo madaktari hutaka tundu kubwa la ukuta wa chini lizibwe mapema, katika mwaka wa kwanza ikiwezekana, wala lisiachwe likapita mbali ya wa pili.

Katika ukumbi wa kungojea, mama yule alikaa kando ya mama mwingine aliyekuja na binti wa miaka 11. Binti alikuwa na midomo ya samawati, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba. Mama wa binti alieleza habari yake bila kuulizwa. Mwanawe alipokuwa mchanga waliambiwa kwamba ana tundu. Wazee wa nyumba wakashauriana, wakaona jambo lisitoke nje, kwa kuwa ni mtoto wa kike na siku moja ataposwa. Ikasemwa kwamba ataombewa dua, na kwamba akikua atapata nguvu. Alipokoma kuumwa homa ya mapafu mara kwa mara, wakashukuru, wakadhani amepona. Kumbe mapafu yalikuwa yakifunga mlango. Sasa wamekuja, na wameambiwa kwamba atapewa dawa, atatunzwa, ataendelea kuishi kwa kadiri Mungu alivyompangia, lakini tundu halitazibwa tena. Mlango ule haukufungwa kwanza na umaskini. Ulifungwa na aibu.

Mama wa mtoto mchanga alisikiliza, akamfunua mwanawe shuka.

Ndugu wasikilizaji, tiba ya maradhi haya haina umri mrefu. Mwaka 1938 daktari Robert Gross wa Boston alifaulu kuufunga ule mshipa uliobaki wazi. Mwaka 1944, mjini Baltimore, Helen Taussig, Alfred Blalock na Vivien Thomas walipata njia ya kuwapa watoto wa samawati damu zaidi mapafuni. Na huyo Thomas alikuwa fundi wa maabara, mtu mweusi ambaye hakupata nafasi ya kusomea udaktari. Mwaka 1954, mjini Minneapolis, daktari Walton Lillehei alikusudia kuziba tundu la ukuta wa chini katika moyo wa mtoto mchanga. Wakati huo mashine ya kushika kazi ya moyo ilikuwa bado haijaaminika. Daktari akamlaza baba kando ya mwanawe, akaiunganisha mishipa yao kwa mipira, na kwa muda wa upasuaji moyo na mapafu ya baba yakafanya kazi ya watu wawili. Tundu likazibwa. Mtoto yule alifariki siku 11 baadaye kwa homa ya mapafu. Lakini katika wagonjwa 45 waliotibiwa kwa njia hiyo, 28 walitoka hospitali wakiwa hai.

Siku hizi mashine hufanya kazi ile, wala baba halazwi tena kando ya mwanawe. Lakini maana ya tendo lile haikuondoka. Mtoto mwenye moyo dhaifu hubebwa na mioyo mingine mpaka wake utengenezwe. Na mioyo hiyo ikigombana, anayeanguka ni yeye.

Uganda nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1975 mtoto wa kike wa miaka 5 alisafirishwa kutoka Uganda mpaka New York kwa juhudi za wanachama wa Rotary, akapasuliwa moyo huko. Na kutokana na safari hiyo moja likazaliwa shirika la Gift of Life, ambalo tangu wakati huo limesaidia watoto wa nchi nyingi. Mwaka 1988 Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa katika Mulago. Mwaka 2007 upasuaji wa kwanza wa kufungua moyo ulifanyika hapa hapa nchini. Mwaka 2012 taasisi ilipata chumba cha kupitisha mrija, na kwa njia hiyo kasoro nyingine huzibwa kwa mrija unaopitishwa katika mshipa wa paja, bila kifua kupasuliwa. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kuipa taasisi hiyo mamlaka yake yenyewe. Kwa hiyo mzazi wa leo hapaswi kuambiwa kwamba maradhi haya hayana dawa ila Ulaya au India. Hata hivyo watoto ni wengi kuliko vitanda, kungoja zamu kunachosha, na gharama inayomwangukia mzazi haipatikani kwa cherehani moja katika mwezi wala katika mwaka.

Je, nyumba huishije katika siku hizo za kungoja? Hapo ndipo penye kazi ya kila siku, isiyoandikwa magazetini.

Mama alifundishwa kumnyonyesha mtoto kidogo kidogo na mara nyingi, na alipochoka kunyonya, kumkamulia maziwa akamnywesha kwa kikombe. Dawa ya kupunguza maji mwilini ilitolewa kwa kipimo, bila kuruka siku. Jiko la makaa lilihamishiwa uani, moshi usimfikie. Chanjo zote zilikamilishwa, na chandarua hakikukosekana, kwa sababu homa ambayo kwa mtoto mwingine ni ya siku tatu, kwake huweza kuwa ya mwisho. Meno yalipoota yalisafishwa kila siku, maana meno mabovu hupitisha vijidudu katika damu, na vijidudu hivyo hupenda kukaa katika moyo wenye kasoro. Suala la tohara nalo likaamuliwa: haikufanywa nyumbani kwa mkono wa ngariba, bali ilingojewa mpaka madaktari wa moyo waseme, ifanyike hospitali.

Binti wa miaka 7 alisahauliwa kwa muda. Kila fedha ilikuwa ya ndugu yake, kila mazungumzo yalikuwa ya ndugu yake. Siku moja akaanza kusema kwamba naye moyo unamwuma. Shangazi akataka kumchapa kwa uwongo. Mama akamzuia, akafahamu kwamba mtoto hakusema uwongo, ila alikosa neno jingine la kutajia maumivu yake. Tangu hapo alitengewa saa yake jioni, akaelezwa kwa maneno mepesi lile tundu ni nini, akaambiwa kwamba si la kuambukiza wala halikutokana na siku ile alipomwonea wivu mdogo wake. Akapewa kazi ya kukumbusha dawa, baada ya sala ya alfajiri na baada ya magharibi. Lakini hakupewa kazi ya kulinda uhai wa ndugu yake. Huo ni mzigo usiomfaa mtoto.

Na baba? Kurudi kwake usiku kulidhaniwa kuwa ni kumkimbia mke. Kweli alishona nguo za watu mpaka usiku, apate fedha. Lakini iko sababu nyingine. Ijumaa moja, baada ya sala, alimwendea imamu wa msikiti wao akamwambia maneno ambayo hakuwa amemwambia mkewe: kwamba anaogopa kumpenda mtoto ambaye huenda akafa. Imamu hakumkemea, wala hakumsomea hotuba. Alimwambia kwamba hofu hiyo imo katika kila baba, lakini mkewe anaibeba yake na ya mumewe pamoja. Jioni ile ile aliwakutanisha juu ya jamvi moja: baba, mama, bibi, shangazi, na kaka wa mama. Karatasi ya daktari yenye mchoro wa moyo ikawekwa katikati, na mama akaachwa aieleze yeye mwenyewe, bila kukatizwa.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama mtoto anaumia anapolia. Akajibiwa kwamba huchoka. Tangu siku ile ndiye aliyembeba mgongoni alasiri ili mama apate kulala, naye ndiye aliyemkatiza kila mgeni aliyelitaja jicho.

Siri ilipotoka, msaada ukapata njia ya kuingia. Mafundi wenzake baba wa sokoni, Waislamu na Wakristo, walianzisha daftari. Kila Jumamosi mtu aliandika jina lake na alichotoa, hata kama ni kidogo, na kila senti iliyotumika ikaandikwa. Haba na haba hujaza kibaba. Vijana wa mtaa walikwenda benki ya damu ya Nakasero kutoa damu, maana upasuaji wa moyo huhitaji damu, na damu haiuzwi dukani. Mtoto alipasuliwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Usiku wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, mama aliamka mara nyingi, si kwa sababu mtoto alilia, ila kwa sababu hakuzoea kumsikia akipumua polepole. Alfajiri alimnyonyesha, akampapasa kipaji. Kilikuwa kikavu.

Lakini isidhaniwe kwamba kila nyumba humaliza hivyo. Wako watoto wanaofariki kabla ya zamu yao, na wako wanaofariki baada ya mikono ya mabingwa kufanya yote iliyoweza. Nyumba hizo zikitembelewa, zisiulizwe kwa nini hawakwenda hospitali fulani, wala kwa nini walikubali upasuaji. Na wako watoto kama yule binti wa miaka 11, ambao watakua wakiwa na kasoro yao. Hao wanastahili shule, marafiki na heshima. Mwalimu aambiwe, asimtume kuteka maji mlimani wala asimchape kwa kuchoka. Asimtenge vile vile, akamfanya kama yai. Ramadhani ikifika, ikumbukwe kwamba Mungu mwenyewe amemsamehe mgonjwa kufunga, na kijana mwenye dawa za moyo asione haya kuitumia ruhusa hiyo. Binti akifikia umri wa kuolewa, mchumba aambiwe ukweli, na daktari aulizwe juu ya mimba kabla ya harusi, kwa kuwa katika kasoro fulani mimba ni hatari kubwa. Mchumba atakayekimbia kwa kusikia ukweli, asingalikaa siku ya taabu.

Basi ni yapi yanayoipasa jumuiya? Si mambo makubwa yaliyo nje ya uwezo. La kwanza ni kujua dalili na kuzifundisha katika darsa za akina mama: mtoto anayetoka jasho na kutweta anaponyonya, asiyeongezeka uzito, anayerudiwa na homa ya mapafu, au mwenye ulimi na ufizi wa samawati, huyo apelekwe asikilizwe moyo, asingoje. La pili ni kumpa mzazi mtu wa kufuatana naye hospitali siku ya kwanza, kwa sababu masikio mawili yenye hofu hayasikii yote yanayosemwa. La tatu ni mfuko wenye daftari lililo wazi. Na katika mafungu 8 ya wanaostahili zaka, mafukara, maskini na wenye madeni wametajwa, na wazazi wengi wa watoto hawa wamo humo. La nne ni kutoa damu. La tano, ambalo halina gharama hata ya senti moja, ni kuuzuia ulimi usimtaje mama kwa ubaya.

Mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni hakuleta fedheha katika nyumba. Ameleta amana yenye muda wake, na muda huo haungoji wazee wamalize kuona haya. Nyumba inayosema mapema huweza kumwokoa. Na isipoweza kumwokoa, humzika ikiwa moja, bila mtu kumnyoshea mwenziwe kidole.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape wazazi subira na ujasiri, awabariki madaktari na wauguzi katika kazi ya mikono yao, na awarehemu watoto waliotangulia. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.